Mkate wa chachu si wa matajiri pekee

Wakazi wengi wa mijini huanza siku kwa slesi mbili tatu na chai ya maziwa. Sina ugomvi na mkate. Ugomvi wangu ni na haraka inayotumiwa kuutengeneza. Unga hukandwa kwa hamira, donge likaumuka kwa saa mbili au tatu, kisha likaingizwa tanurini. Mkate hutoka mwororo, lakini unga haukupata nafasi ya kuchachuka, na hapo ndipo mwili unapopunjwa.

Ganda la ngano lina madini ya chuma na zinki. Lina pia asidi ya faitiki, ambayo huyashika madini hayo hata mwili ukashindwa kuyafyonza. Donge likichachuka polepole kwa bakteria wa asidi ya laktiki, ule uchachu huamsha kimeng'enya kilichomo katika ngano yenyewe, nacho huivunja faitiki. Kazi hiyo huhitaji saa nyingi. Kwa mama mjamzito, au msichana anayepoteza damu kila mwezi, jambo hili si dogo. Ni kweli kwamba tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano wa pakiti uongezwe madini haya. Hiyo ni hatua nzuri, lakini si sababu ya kuyaacha yaliyokuwamo tangu shambani yapite bure.

Wengine watasema mkate wa chachu ni wa maduka ya mitaa ya kifahari, tena kwa bei ya kutisha. Nawashangaa. Nyanya zetu walichachusha uji wa wimbi na mtama bila kusoma kitabu, na elimu ni ile ile.

Chukua chupa tupu ya jemu, changanya vijiko vikubwa vinne vya unga wa ata na maji kiasi cha kupata uji mzito, kisha funika bila kukaza. Maji ya mfereji yachemshe kwanza, yapoe. Kila siku punguza nusu, utie unga na maji mapya. Siku ya pili au ya tatu chachu huweza kufura ghafla kisha ikalala kama iliyokufa. Usiitupe, endelea kuilisha. Baada ya wiki moja hivi itakuwa ikipanda maradufu kila unapoilisha, na harufu yake ni ya uji mchachu. Ukiona ukungu au rangi ya waridi, mwaga yote uanze upya.

Siku ya kuoka, kanda vikombe vinne vya unga, nusu ata na nusu mweupe, pamoja na nusu kikombe cha chachu, kijiko kidogo cha chumvi na maji hadi donge lilainike. Nairobi, hasa baridi ya Julai, liache usiku kucha. Mombasa saa nne au tano huweza kutosha. Likizidi hapo hulegea na kuwa kali. Lifinyange, lipumzike saa moja au mbili, kisha oka kwa nyuzi 220 kwa muda wa dakika 40. Asiye na oveni atumie sufuria nzito, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, kama wanavyofanya akina mama wa Pwani. Lakini jiko liwe nje, kwa maana makaa hutoa hewa ya sumu isiyonuka, na imeua watu waliolala vyumbani mwao.

Wanaodai kwamba mkate huu huponya kisukari wanapotosha watu. Wanga ni wanga, na mgonjwa apime kiasi anachokula. Aidha, aliyekatazwa gluteni na daktari asiuguse, kwani kuchachuka huku hakuiondoi yote.

Na ile chai tunayoipenda, ingoje saa moja baada ya kula, kwani majani yake nayo huzuia chuma kufyonzwa.