Gari Lina Namba, Abiria Je?

Washikaji wa kalamu, leo mtanisamehe, maana sitampaka mtu mafuta. Kila mara tunasomeana mashairi ya jahazi. Jahazi ni nchi, nahodha ni rais, upepo ni wananchi, na ubeti wa mwisho jahazi linakwenda mrama. Sawa, tumeelewa! Lakini meli zenyewe, za chuma, zenye watu wenye majina yao, zinapozama sisi tunakuwa wapi? Tunatafuta vina.

Hebu twendeni bandarini Dar es Salaam, kwenye boti za Unguja. Mtu anatoka Tegeta na gari, anapigana na foleni mpaka Barabara ya Sokoine, halafu inaanza vita ya pili: pa kupaki. Boti ziendazo kasi hazibebi gari lako, bwana. Wewe utavuka, lenyewe litabaki. Basi unazunguka mara mbili, mara tatu, wapiga debe wanagonga kioo, wachukuzi wameshika buti hata injini hujazima. Ukibahatika kupata nafasi, hapo ndipo utakapoona jinsi Bongo inavyojua kuhesabu! Anakuja mtu wa ushuru, anachukua namba ya gari na saa uliyofika. Ukichelewa, anarudi kuongeza. Deni hilo halipotei hata ukihamia Sumbawanga, litakungoja.

Mimi nililiacha gari la kaka jirani na pale kwa siku mbili. Mzee mmoja mlinzi wa magari akanisimamisha.

"Mwanangu, unarudi lini?"

"Keshokutwa, mzee wangu."

"Na usipoonekana, nimpigie nani?"

Akaandika namba ya kaka kwenye daftari la mistari, pembeni ya namba ya gari. Nikaenda zangu. Dirishani nilikokata tiketi, getini, kwenye ngazi ya boti, hakuna aliyeniuliza swali hilo. Jina langu waliliandika, nakubali, na kitambulisho nilionyesha. Ila wa kupigiwa simu nikizama alikuwa anajulikana na mlinzi wa magari tu. Tena yeye alikuwa na wasiwasi na gari!

Najua mtasema nakuza mambo. Haya, tuhesabu.

MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu, wale wa nauli ya chini, wa kubanana na mizigo yao, hawakuwa nayo. Ndiyo maana mpaka leo waliokufa wanatajwa kwa kukisia, huyu anasema mia tano, yule elfu moja. Jamani, kati ya hesabu hizo mbili kuna watu mia tano! Yapotee magari mia tano mjini hapa usiku mmoja tuone kama kuna atakayekubali kukisia.

Septemba 2011 ikaja MV Spice Islander, iliyokuwa inatoka Unguja kwenda Pemba. Ilizama usiku, upande wa Nungwi. Mwanzoni tukatajiwa maiti kama mia mbili. Baadaye tume ya uchunguzi ikaleta hesabu ya waliokufa na kupotea: zaidi ya 1,500. Meli yenyewe haikuruhusiwa kubeba hata watu mia saba. Hao wengine walipita mlango gani, na nani aliwafungulia?

Haukupita mwaka. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ikaondoka hapa hapa Dar, ikazama karibu na Chumbe. Chombo hicho kilitengenezwa Marekani mwaka 1989, kikavusha watu kwenye maji yaliyokingwa na nchi kavu huko Seattle, kisha kikauzwa, kikaletwa kupambana na mkondo wetu wakati wa kusi. Zaidi ya watu mia moja hawakurudi. Kama kuna aliyekuwa ameacha gari lake mjini siku ile, mimi sina shaka kabisa kwamba namba yake iliandikwa.

Wakubwa watasema hayo ni ya zamani, siku hizi kuna mashine. Mashine! MV Nyerere ya Ukara ilikuwa na mashine ya tiketi. Ilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha watu 101, waliokufa walizidi 220. Aliyekuwa anakata tiketi alikufa pamoja nao, na mashine iliyobeba hesabu ikapotea ziwani. Sasa orodha iliyozama na meli inamsomea nani, sangara? Orodha inatakiwa ibaki nchi kavu kabla kamba haijafunguliwa, na iwe na kila kichwa, hata mtoto wa mgongoni asiyelipa nauli. Mzee wa magari anafanya hivyo kwa kalamu ya risasi na daftari la bei chee. Serikali na wenye meli wanashindwa nini?

Na sisi je? Tunangoja tume ituandikie? Tume inaandika idadi, ikiweza. Mama aliyepandia Kemondo na mkungu wa ndizi, bila jina lake kuandikwa popote, huyo si wa tume, ni wa kwetu. Na yule mkata tiketi wa Ukara nimemwaza sana. Watu wanazidi, anawaona, yeye ndiye anayejua hesabu kuliko nahodha, mkono unaendelea kuchana karatasi. Alimwambia mtu? Alijibiwa nini? Hadithi hiyo sijaisoma bado. Mwenye nayo ailete kijiweni Jumamosi, hata kama ni kurasa mbili tu, na tumsomee kabla ya washairi wa jahazi hawajashika zamu.