Vitamini tunazouza kwa bei ya pumba

Mfugaji anayenunua pumba mashineni anajua anachofuata. Mahindi yanapokobolewa ili kupata sembe nyeupe, ganda na kiini huondoka, na humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Kuku wanafaidi, nyumbani unabaki wanga.

Mojawapo ya vitamini hizo ni foleti, ambayo ile ya kiwandani huitwa asidi ya foliki. Mwili huihitaji kutengeneza damu, na ndiyo inayosaidia ubongo na uti wa mgongo wa mtoto tumboni kufunga sawasawa. Kazi hiyo hukamilika ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo akina mama wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Vidonge vya kliniki vinakuja baadaye. Mtoto wa mgongo wazi hawezi kurudishwa nyuma.

Marekani iliamuru asidi hiyo iongezwe kwenye unga kuanzia 1998, na watoto wa aina hiyo wakapungua. Tanzania nayo ilitunga kanuni mwaka 2011 kwa unga wa ngano na wa mahindi. Ni kanuni nzuri, lakini viwanda vikubwa ndivyo vilivyo rahisi kuvisimamia, ilhali vijijini tunasaga mashine ya jirani.

Hapo ndipo hesabu inapogoma. Mwenye mashine anayesaga mahindi ya mteja kwa debe hauzi unga, anauza huduma. Akinunua mchanganyiko wa virutubishi, atamdai nani? Anayefungasha unga naye anashindana na asiyeongeza kitu, na mlaji haoni tofauti yoyote kwenye ugali. Ukimtisha kwa faini, atafunga mashine au atadanganya. Kwa maoni yangu, gharama ya mchanganyiko na ya kifaa cha kuupimia ibebwe na bajeti ya afya, kwa kuwa hospitali ndizo zinazolipia upasuaji wa watoto hao.

Dona ni bora kuliko sembe, ila haitoshi kwa mwanamke anayetarajia kushika mimba. Huyo anahitaji kidonge cha mikrogramu 400 kila siku, mapema. Maharage, kunde, choroko na mchicha vina foleti nyingi. Basi mlanguzi akija shambani na lori, usimpimie maharage yote. Debe mbili tatu zibaki ghalani. Na maji ya kuchemshia mchicha msiyamwage, kwani foleti huyeyukia humo.