Mizani ya Gesi Iwe Mikononi Mwetu

Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walijenga vyama vyao vya ushirika, na moja ya sababu zake kubwa ilikuwa mizani. Mkulima alilima, akapalilia, akavuna. Lakini uzito wa pamba yake aliambiwa na yule yule aliyetaka kuinunua. Wakulima walipochoka, waliweka watu wao wenyewe kusimama kwenye mizani na kusoma.

Twalikumbusha jambo hili kwa sababu leo nchi yetu ina mavuno mengine. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na Mnazi Bay mwaka 1982. Tangu mwaka 2004 gesi ya Songo Songo imekuwa ikizalisha umeme Dar es Salaam, na mwaka 2015 lilizinduliwa bomba kubwa la kutoka Mtwara. Baada ya visima vya bahari kuu vilivyoanza kuchimbwa mwaka 2010, makadirio ya Serikali yamefikia futi za ujazo trilioni 57 za gesi iliyomo chini. Hesabu hiyo wananchi wengi waijua. Lakini ni wangapi kati yetu wanaoweza kueleza jinsi hesabu ya namna hiyo inavyopatikana?

Mizani ya gesi ni logi ya kisima. Shimo likiisha kuchimbwa, vyombo vya kupimia huteremshwa ndani kwa waya, na kila hatua ya kina huandikwa habari zake. Kazi hii ilianza tarehe 5 Septemba 1927 huko Pechelbronn, Ufaransa, kwa njia iliyobuniwa na ndugu wawili, Conrad na Marcel Schlumberger. Chombo kimoja hupima miali ya gama, ambayo kwa kawaida huwa mingi penye udongo wa mfinyanzi na michache penye mchanga safi. Kingine hupima densiti, ili ijulikane mwamba una nafasi kiasi gani kati ya chembe zake. Kingine hupima ukinzani wa umeme. Maana maji ya chumvi hupitisha umeme, bali gesi na mafuta havipitishi. Kuzisoma alama hizi zote kwa pamoja ndiyo elimu iitwayo petrofizikia.

Siku hizi hesabu zake hufanywa na programu za kompyuta, na wapo vijana wanaodhani kwamba kujua kubonyeza vitufe vya programu ndiko kuijua kazi. Hilo ni kosa, tena ni kosa la hatari. Tuchukue mfano. Mwamba wa mchanga una nafasi asilimia 20, na ukinzani wake ni 10. Mwanafunzi akiiambia programu kwamba maji ya mwamba huo yana ukinzani wa 0.1, basi kwa kanuni aliyoitangaza Mmarekani Archie mwaka 1942, na kwa vigezo vyake vya kawaida, atajibiwa kuwa nusu ya nafasi ile imejaa maji, na nusu ina gesi. Akiandika 0.2, programu itamjibu bila kusita kwamba maji ni asilimia 71, na gesi asilimia 29 tu. Mwamba ni ule ule, kisima ni kile kile. Namba moja imebadilika, na karibu nusu ya mali imetoweka katika karatasi.

Programu haikujua lipi ni kweli. Ilitii. Anayepaswa kujua ni mtu: aliyepima maji ya kisima, aliyevitazama vipande vya mwamba vilivyotolewa chini, anayefahamu kwamba si kila mchanga wenye miali mingi ni udongo wa mfinyanzi, na kwamba gesi yenyewe huweza kuidanganya densiti.

Hatusemi kwamba kila mgeni ni mwongo. Mkataba mwema huhitaji pande mbili zinazosoma karatasi moja na kuielewa sawasawa. Lakini mjumbe aketiye mezani akiwa na jibu tu, asiloweza kulihoji, hajui hata pa kuanzia kuuliza. Atakubali kwa unyonge, au atakataa kwa ukaidi, na yote mawili ni hasara kwa taifa.

Kwa hiyo yatupasa kufanya mambo matatu. Vyuo vyetu vimfundishe mwanafunzi kuichambua logi moja kwa penseli na karatasi kabla hajaifungua programu, ili jibu la mashine lisimshangaze. TPDC, shirika lililoundwa mwaka 1969, na PURA, iliyoundwa kwa Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, ziwape vijana hao nafasi ya kukaa na wazoefu juu ya visima vya nchi yao wenyewe. Na vijana wasiseme wamekosa vifaa. Programu kubwa kama Techlog ni ghali, kweli. Lakini zipo nyingine za bure, na mwaka 2018 kampuni ya Equinor ya Norway, ambayo yashughulika pia na gesi ya bahari yetu, iliwafungulia wanafunzi wa dunia nzima habari za eneo la Volve, logi za visima zikiwamo.

Elimu hii haipatikani kwa semina ya siku mbili, wala cheti hakisomi kisima. Hupatikana kwa kukosea mezani, mbele ya mwalimu, ili tusikosee katika mkataba. Wakulima wa pamba hawakungoja mnunuzi awafundishe kusoma mizani. Nasi tusingoje.