Mezani kwa Karani: Usimwache Mlangoni

Juma lililopita mzee mmoja alifika ofisini kwangu kutaka barua. Binti yake ameshikwa na ugonjwa wa akili baada ya kujifungua, na mganga wa zahanati amesema akalazwe hospitali. Nilimsifu mzee kwa kutochelewa. Lakini akaongeza, "Tukishamfikisha, mwanangu, kazi yetu imekwisha." Nikaweka kalamu chini.

Nilimsimulia habari za Bibi Nellie Bly wa Marekani. Mwaka 1887, akiwa na miaka 23 tu, mwandishi huyu wa gazeti alijifanya ana wazimu ili aone jinsi wanawake walivyotunzwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya kisiwa cha Blackwell, mjini New York. Alikaa humo siku 10. Alipokwisha kuingia aliacha kujifanya, akasema na kutenda kama desturi yake. Haikufaa kitu! Kadiri alivyosema kwa akili, ndivyo walivyozidi kumwona mwenda wazimu.

Wanawake walimwagiwa maji ya baridi kali, ndoo juu ya ndoo. Chakula kilikuwa kibovu. Walikalishwa mabenchini mchana kutwa, wasiruhusiwe kuongea wala kujinyosha. Lakini lililonichoma mimi ni hili: mlikuwamo mwanamke aliyejua Kijerumani tu, akafungiwa bila kutafutiwa mkalimani. Bly alitolewa na wakili wa gazeti lake. Yule Mjerumani angetolewa na nani?

Habari zilipochapishwa, wakaguzi walitumwa na mahakama, na fedha za matunzo zikaongezwa.

Sisemi haya kukutisha, msomaji. Hospitali za leo zina dawa, na ugonjwa huu wa wazazi hupona kwa wengi wakitibiwa mapema. Ila daktari hamjui binti yako. Nani atamweleza alikuwaje kabla ya kuugua, usingizi ulimpotea lini, ananyonyesha au la? Nani atamfasiria kama Kiswahili chake ni kidogo? Nawe mume, ukienda kumtazama, mpe habari za mtoto, hata akikujibu ovyo.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza nauli ya kwenda na kurudi ni kiasi gani, kwa watu wawili.