Barua ya Wazi kwa Waziri wa Nishati: Mhuri Upo, Erthi Haipo

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima inayostahili cheo chake, Waziri wa Nishati anafikishiwa jambo ambalo wakazi wa Ndagoni, kisiwani Mafia, wamelizoea kiasi cha kuacha kulishangaa: sheria inamkataza mwenye nyumba kusuka nyaya za umeme kwa mikono yake, inamtaka amlipe mkandarasi mwenye leseni, kisha inamwacha auziwe mhuri wa mkandarasi huyo badala ya kazi yake.

Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, leseni za kufunga mifumo ya umeme majumbani hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na anayeifanya kazi hiyo bila leseni, yaani yule ambaye watu humwita kishoka, anavunja sheria. Katazo hilo halina ubaya wowote, kwa kuwa umeme wa volti 230 unaua, na taa kuwaka si ushahidi kwamba nyaya zimesukwa salama.

Nyumba ya mwandishi wa barua hii ilitii sheria. Mkandarasi mwenye leseni alilipwa, kijana asiye na leseni akaja kuchimba kuta na kupitisha nyaya, na fomu ikarejeshwa ikiwa na sahihi ya mkandarasi ambaye hakuwahi kukanyaga Ndagoni. Mhuri wake ulikuwa wa duara, wenye wino uliokolea, na kila herufi ilisomeka. Erthi haikuwapo. Erthi ni waya wa kijani wenye mstari wa njano unaotoka kwenye bati la kifaa, kama vile friji, hadi kwenye fimbo ya chuma iliyochimbiwa ardhini, ili umeme ukivuja upate njia nyingine isiyokuwa mwili wa binadamu. Plasta ilipobanduliwa chini ya meinswichi, waya huo ulionekana umeshuka kiasi cha shubiri moja, ukakunjwa ncha na kufukiwa humo humo ukutani. Nje ya nyumba hapakuwa na fimbo yoyote. Wakati huo friji lilikuwa limekwisha kumrusha binti wa nyumba hiyo na kumuunguza mkono. Pweza waliokuwa ndani wakaoza, na kazi ya nyaya ikalipiwa mara ya pili.

Iwapo Wizara inaamini kwamba mhuri unatosha, pengine ingeelekeza mhuri wenyewe uchimbiwe ardhini badala ya fimbo. Mchanga mkavu wa pwani, hata hivyo, hupitisha umeme kwa shida, kiasi kwamba fimbo moja tu huweza isitoshe kuiangusha sakiti breka ya kawaida, na ndiyo maana nyumba zilizo juu ya mchanga huo huhitaji pia kifaa kinachokata umeme mara unapovuja kwa takriban miliampia 30. Kijana wa kupitisha nyaya hakulijua hilo. Mkandarasi alipaswa kulijua, lakini mhuri wake ndio uliosafiri peke yake.

New Zealand inamruhusu mwenye nyumba kufanya baadhi ya kazi za nyaya nyumbani kwake, kwa sharti kwamba mkaguzi mwenye leseni azipime kabla ya umeme kuwashwa. Huko kinachoaminiwa ni kipimo. Huku mwananchi anayejifungia umeme mwenyewe huitwa mkosaji, na anayeuza sahihi huitwa mkandarasi. Gharama nayo inachangia: ada ya kuunganishiwa umeme kijijini, shilingi 27,000, imesifiwa katika hotuba nyingi. Gharama ya kusuka nyaya, ambayo huizidi ada hiyo kwa mbali, hutajwa kwa nadra, na ndiyo inayowasukuma wanyonge kwa vishoka. Na bado kila kitu katika huduma hii kinathibitishwa kwa karatasi.

Waziri anaombwa aagize kwamba hakuna mita ya LUKU itakayofungwa kabla erthi haijapimwa kwa chombo mbele ya mwenye nyumba na namba iliyosomeka kuandikwa kwenye fomu, na kwamba mkandarasi anayegonga mhuri kwa nyumba asiyoifikia anyang'anywe leseni. Anaombwa pia atume wapimaji Ndagoni kwa nyumba ambazo tayari zina umeme. Waanze na zile zenye mhuri.

Mkazi wa Ndagoni,
Wilaya ya Mafia