Nyati wa zege na swali la nne

Najua nimepotea wiki tatu nzima. Mazoezi ya kufundisha yamenibana, baridi ya Fargo imeanza kuuma masikio, na mtihani wa saikolojia ya elimu ni wiki ijayo. Lakini leo lazima niandike maana nina hasira, na mimi hasira nikilala nayo siamki vizuri.

Kisa ni sanamu la nyati.

Kwa mlio nyumbani nieleze kidogo. Ukisafiri kwa gari huku Marekani, hasa majimbo ya katikati ambako barabara imenyooka kama rula na pembeni ni mashamba tu mpaka macho yanachoka, ghafla unakutana na mnyama mkubwa kuliko nyumba. Si wa kweli. Ni wa zege, au bati, au chuma, au faibaglasi. Bemidji, Minnesota, kuna fahali wa buluu anayeitwa Babe, amesimama pale toka 1937 pamoja na Paul Bunyan, yule mkata magogo wa hadithi zao. Hayward, Wisconsin, kuna samaki wa futi 143, unapanda ndani yake mpaka unatokea mdomoni, unawapungia mkono walio chini. Cabazon, California, bwana mmoja Claude Bell alianza miaka ya 1960 kujenga dinosaria ili wapita njia wasimame kula kwenye mgahawa wake. Na biashara hii si ya jana. Mwaka 1881 kule New Jersey, James Lafferty alijenga tembo wa mbao na bati, futi 65 kwenda juu, shabaha yake ni kuuza viwanja. Tembo huyo anaitwa Lucy na bado yupo, ana madirisha na ngazi ndani.

Nilipomsimulia rafiki yangu wa Dar alicheka, eti Wamarekani hawana kazi. Hapa chuoni nako wapo wanaojiona wasomi, wakipita karibu na masanamu haya wanageuza shingo kama wameona uchafu. Hao wote wawili nawapinga, tena kabla sijafika kwa ninayegombana naye hasa.

Mwezi wa kumi tulisafiri na I-94 kuelekea magharibi, mimi, mwenzangu wa chumbani, na kaka mmoja Mkongomani ambaye ndiye mwenye gari. Tukafika New Salem. Juu ya kilima kuna ng'ombe wa faibaglasi, Salem Sue, futi 38 kwenda juu na futi 50 toka kichwa mpaka mkia, mweusi na mweupe kama Holstein wa kweli. Yule kaka akamzunguka kimya, akaangalia kiwele, halafu akasema: "Dada, hii ngombe iko mukubwa, lakini maziwa haina." Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Ila hebu fikirini. Lions Club ya mji ule ndiyo iliyomsimamisha mwaka 1974, na waliotoa pesa ni wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wenyewe, wenye maduka na wakazi. Ilikuwa kama dola 40,000. Watu wale walikuwa wanasema: sisi ni nani, tunakula kwa jasho gani. Kuna ubaya gani hapo? Ni sawa na yule mfugaji wa bata wa Long Island, Martin Maurer, aliyejenga bata mkubwa mwaka 1931, akamtia macho ya taa za nyuma za gari la Ford, halafu humo humo tumboni akauza bata na mayai. Unaona bata, unaingia, unanunua bata. Huyo amekudanganya nini? Au yule nyangumi wa buluu wa Catoosa, Oklahoma, kwenye Route 66, ambaye Hugh Davis alimjenga mwanzoni mwa miaka ya 1970 kama zawadi kwa mkewe Zelta, kwa kuwa mama yule alipenda kukusanya vinyangumi vidogo. Wanaume wa siku hizi wanaleta ua moja la plastiki wanataka washukuriwe mwezi mzima!

Na yuko mwalimu, jamani. Gary Greff, mwalimu mstaafu wa mji wa Regent huku huku North Dakota. Toka sheria ya barabara kuu ya 1956, magari mengi yanapita mbali na vimji vidogo, kwa kasi ya maili 70 na zaidi kwa saa, na kimji kisichoonekana kinakufa. Regent haina hata watu mia mbili. Greff hakuwa fundi wa kuchomelea wala msanii wa kusomea. Akaanza miaka ya 1990 kuunganisha matangi ya mafuta yaliyotupwa, mabomba na vyuma chakavu: panzi, kwale wa kizungu, paa, samaki, na bata bukini wanaoruka ambao mwaka 2002 waliingia kitabu cha Guinness kama sanamu kubwa kuliko yote ya vyuma chakavu. Barabara nzima maili 32, toka I-94 mpaka mlangoni kwao. Anayemcheka mtu huyu na aje kwanza aniambie yeye amefanyia kijiji chake nini.

Basi, nimemaliza kuwatetea. Sasa nyati.

Jamestown, njiani hapo hapo I-94, kuna nyati wa zege wa tani 60. Futi 26 kwenda juu, futi 46 kwa urefu wa mwili. Alijengwa 1959 na mchongaji Elmer Petersen, na mwaka 2010 watu walishindanisha majina akaitwa Dakota Thunder. Msimfikirie nyati wetu wa Mikumi. Huyu wao ana nundu kubwa, manyoya mazito kichwani na ndevu kama sharifu. Sanamu lenyewe ni zuri, sikatai. Nimepiga picha chini ya kidevu chake kama kila mtu.

Shule ninayofanyia mazoezi (siitaji) inapeleka watoto wa darasa la nne kumwona. Darasa la nne hapa ndipo watoto husoma historia ya jimbo lao. Nikapewa karatasi ya maswali niiandalie somo. Swali la kwanza: nyati huyu ana urefu gani? La pili: ana uzito gani? La tatu: ungekuwa wewe ungempa jina gani? Basi. Imeisha. Mimi nikaongeza la nne: nyati wa kweli walikwenda wapi? Karatasi ikarudi na swali langu limezungushiwa duara jekundu. "Ni wadogo hao, usiwaharibie safari."

Ati nisiwaharibie safari!

Wasomaji, mwanzoni mwa karne ya 19 nyati hawa walikadiriwa milioni 30 hadi 60 kwenye nyika za nchi hii. Mwishoni mwa miaka ya 1880 walikuwa wamebaki takriban elfu moja. Sikukosea sifuri. Jamestown ilianzishwa 1872 reli ya Northern Pacific ilipofika, na kipindi hicho hicho viwanda vya ngozi viligundua namna ya kulainisha ngozi ya nyati ikafaa kwa mikanda ya mashine. Wawindaji wakaua, wakachuna, wakaacha nyama ioze. Wakubwa wa jeshi nao waliona faida yao: ukimmaliza nyati umemaliza chakula, hema na mavazi ya Walakota na mataifa mengine ya nyikani, na watu wenye njaa watakubali kufungiwa kwenye maeneo waliyotengewa. Kufikia 1883 kundi la kaskazini lilikuwa limekwisha. Walowezi wakaokota mifupa wakaipakia kwenye mabehewa, ikaenda kusagwa mbolea. Yaani hata mifupa haikuachwa. Miaka 76 baadaye ndipo anasimamishwa wa zege ili magari yapunguze mwendo.

Kwa hiyo msiniambie masanamu yote ni mamoja. Ng'ombe wa New Salem aliwekwa na watu wanaofuga ng'ombe. Nyati wa Jamestown anamwakilisha mnyama aliyefagiliwa, na hakuwekwa na watu walioishi naye.

Najua nitajibiwa kwamba pale pale kuna makumbusho ya nyati yaliyofunguliwa 1993, na wamekuwa wakifuga kundi la nyati hai. Ni kweli, na nawasifu kwa hilo. Nyati leo wamerudi kuwa malaki, ingawa wengi ni wa kufugwa kibiashara, na mwaka 2016 sheria ilimtangaza kuwa mnyama wa taifa. Lakini ratiba ya safari yetu ina dakika 40: kushuka basi, picha, vitafunwa, kupanda basi. Makumbusho hayamo! Mtoto anarudi nyumbani na futi 26 na tani 60 kichwani, na jina alilombunia.

Na hili la "ni wadogo" ndilo linanichoma zaidi. Watoto hao hao wana vitabu vya dinosaria. Hakuna mwalimu anayewaficha kwamba dinosaria walikufa. Wanaambiwa kimondo kilianguka, wanachora na picha ya moto, wanafurahi. Kimondo kinatajwa waziwazi kwa sababu hakina wajukuu. Aliyemuua nyati ana wajukuu, wanakaa kwenye kamati ya wazazi. Na mle darasani wamo pia watoto ambao mababu zao ndio walioshindishwa njaa. Hao safari yao haihesabiki?

Wale wa Pwani msicheke mkadhani haiwahusu. Zile pembe za Moi Avenue, Mombasa, zilizojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya kupokea wageni wa ufalme wa Uingereza, sote tumepiga picha chini yake. Pembe za kweli zilishuka bara mabegani mwa watu, wakiwemo watumwa. Swali langu la nne lingefaa pale vilevile.

Kuna mwenzangu wa kozi kanishauri nilitoe nipate alama zangu, nikiajiriwa nitauliza ninachotaka. Ushauri wa kiutu uzima, na hapa mkaguzi wa mazoezi ndiye anayeshika alama 40 kati ya 100. Lakini nikijifunza kunyamaza darasa la nne, nitaanza kusema darasa la ngapi?

Safari ni Jumatano. Jumatatu karatasi inapelekwa tena na maswali manne. Likifutwa, nitawauliza kwa mdomo kwenye basi, ni mwendo wa saa moja na nusu, muda upo.