Darajani Palikuwa na Maji

Jina Darajani latukumbusha kwamba palikuwa na daraja, na daraja halijengwi pakavu. Mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo ulifukiwa katika karne ya 20. Leo twapita juu yake kwa magari. Masika yakizidi, maji hurudi kudai njia yake, na Mwanakwerekwe barabara na nyumba zimewahi kuzama. Twalaumu mabadiliko ya tabianchi. Ni kweli, lakini tabianchi haikugawa viwanja mabondeni. Mitaro ni ya lazima, ila naamini haitatosha iwapo tutaendelea kuruhusu ujenzi pale maji yanapotuama. Kila kibali kianze na swali moja: maji yatakwenda wapi? Asiye na jibu asijenge, hata akiwa mwekezaji.